Mguu wa Chelel

Jumatatu, 11 Machi 2024

Kamera imefika leo kwa bodaboda kutoka Kapkatet, imefungwa nailoni juu ya nailoni, utadhani imetumwa kwa rais. Bwana Bosire, mwenye shamba hili, ameinunua Nairobi baada ya kunipeleka mafunzo ya siku mbili. Sasa mimi Priscah Chepkurui, mtoto wa Silibwet mwenye diploma ya afya ya mifugo, ndiye daktari wa farasi sita. Nyumbani bado hawajaelewa. Mama ameniuliza kwa simu kama hao farasi wanakamuliwa.

Kamera yenyewe haioni rangi, inaona joto. Mahali penye ugonjwa damu hujaa, pakapata moto, na kwenye picha panatokea pekundu. Pazima panatokea buluu. Mguu unaweza kuwaka wiki kadhaa kabla farasi hajaanza kuchechemea, na hapo ndipo nitakuwa nimeshamkamata mwizi kabla hajaingia ndani. Mwezi wa sita wageni wanakuja kusafiri kwa farasi, kutoka hapa kwenye majani chai hadi karibu na Mara. Mimi ndiye nitakayesema farasi gani aende na gani abaki.

Nimemweleza haya mzee Kimeli, mtunzaji wa farasi. Ni mtu aliyepita makamo, mrefu, anayevaa koti la kijivu kila siku hata akizoa mavi.

"Bicha kila asubuhi?" akauliza.

"Kila asubuhi, mzee."

"Na mnyama awe tayari namna gani, taktari?"

"Awe msafi tu. Matope yakikaa mguuni mashine haioni."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kazi ya kanisani.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua imeanza rasmi. Picha zote buluu. Najisikia daktari kweli.

Jumapili, 24 Machi

Mzee Kimeli alinialika chai baada ya ibada. Nimekunywa mursik, maziwa ya kibuyu, mpaka nikahofia kuinuka. Ukutani kuna picha moja tu, kubwa, imewekwa kwenye fremu: yeye akiwa mtoto, na wazazi na ndugu zake, kwenye studio ya Kericho zamani. Wote wamepakwa mafuta wanang'aa, na hakuna anayecheka.

"Mama alituosha mtoni mpaka tukatetemeka," alisema. "Maji ya asubuhi, baridi! Lakini mtu hapigwi bicha akiwa mchafu. Bicha inabaki hata wewe ukienda."

Rodah, binti yake wa mwisho, akacheka. Rodah ndiye anayewaongoza wageni akiwa juu ya farasi, na huku kote sijaona mtu anayekaa kwenye tandiko kama yeye. Ananiita Daktari wa Fotokopi. Nimemwambia siku akivunjika asiniite.

Jumanne, 2 Aprili

Chelel amegoma. Huyu ndiye farasi jike mweupe ambaye mzee Kimeli anamwita kwa sauti ambayo hajamwitia mtu yeyote. Rodah alimleta hadi juu ya mteremko unaoshuka mtoni, farasi akasimama wima kama nguzo. Kwenye tambarare alikuwa ametembea vizuri kabisa. Nikaangalia picha ya asubuhi: miguu yote minne buluu. Nikaupapasa mguu mmoja mmoja, ni baridi.

Eliakim Amolo, meneja, alikuwa amesimama na mwavuli wake. "Amedeka," akasema. "Kimeli anamlea kama mjukuu." Amolo ni mtu mkavu. Hata habari ya asubuhi anaipokea kama ripoti.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ya mawe. Majani chai yamechanika upande wote wa bonde, wachumaji wamerudishwa nyumbani. Picha: buluu.

Alhamisi, 18 Aprili

Chelel amegoma tena, palepale. Safari hii aliweka masikio nyuma na kurudi kinyumenyume hadi akaingia ndani ya miche ya chai.

"Daktari, huyu ako na kitu," Rodah akaniambia.

"Kitu gani? Angalia." Nikamwonyesha skrini.

"Si basi uambie mashine ikuje imwambie ashuke."

Nilikasirika. Sikusoma ili nibishane na mtu kuhusu kitu ambacho macho yanakiona. Nimeandika kwenye ripoti: miguu mizima, tabia inahitaji kurekebishwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nitajaribu kuandika yote.

Leo ilikuwa siku ya mazoezi, farasi wote sita, njia ile ile watakayopita wageni. Wafanyakazi walikuja kutazama. Mzee Kimeli alikuwa amewapamba farasi mpaka wananukia. Nilipiga picha, nikasimama mbele ya watu, nikasema kwa sauti: "Wote wako sawa. Wapandwe."

Rodah alinisogelea kabla ya kupanda. "Priscah, nimemkalia huyu miaka mitatu. Si kiburi."

"Basi niambie ni nini."

Akakaza ukanda wa tandiko. Akapanda.

Farasi watano walishuka. Chelel alifika ukingoni akasimama. Rodah alimsemesha, akamzungusha, akamrudisha. Amolo akapiga kelele kutoka chini kwamba wageni hawatangoja hivyo. Rodah akampiga visigino. Chelel alipeleka mguu wa kushoto wa mbele chini, mara moja tu, akautoa kwa haraka, halafu akasimama kwa miguu ya nyuma. Rodah alianguka kwa mgongo juu ya mawe ya barabara. Sauti yake ya kuanguka naisikia hadi sasa.

Mzee Kimeli alikimbia na koti lake. Alipiga magoti kwa binti yake, akamshika kichwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaunyoosha juu, akaushika ugwe wa Chelel aliyekuwa anatetemeka, akawa anawasemesha wote wawili kwa Kipsigis kwa sauti moja. Mimi nilisimama na kamera shingoni.

Mfupa wa bega umevunjika na mbavu mbili. Amelazwa Kapkatet.

Jumapili, 28 Aprili

Bwana Bosire amepiga simu. Amolo aliiweka kwenye spika ili sote tusikie.

"Kama mguu ungekuwa mgonjwa, ningeelewa," alisema. "Mnyama mgonjwa anatibiwa. Lakini daktari wangu mwenyewe anasema miguu iko sawa, ama?"

"Iko sawa, bosi," nikasema. Ningesema nini? Picha ya jana ni buluu, na ya leo ni buluu.

"Basi shida iko kwa kichwa. Farasi wa kuangusha watu siwezi kuuzia mtu akaenda kumuua mtoto wake. Nitatuma mtu wa bunduki kutoka Nakuru."

Mzee Kimeli alichukua ndoo ya chakula. Alitoka, akaenda kumlisha Chelel.

Jumanne, 30 Aprili

Ningepata japo doa moja jekundu, Chelel angenusurika. Ndilo jambo la ajabu: wiki zote nilikuwa naomba nisione wekundu, na sasa naamka nikiuombea. Buluu. Buluu. Buluu.

Mzee Kimeli alinisubiri nje ya zizi. Baba wa mgonjwa, na bado anaombea aliyemwangusha. "Taktari, bicha ikizidi kuwa buluu, watamwacha?"

Nilikuwa nimechoka. "Buluu ni uzima, mzee," nikamjibu, nikapita.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imekata barabara kule darajani. Mtu wa bunduki hawezi kufika. Namshukuru Mungu kwa matope, sijawahi kufanya hivyo.

Jumamosi, 4 Mei

Picha zimekuwa buluu kuliko zamani. Miguu ya Chelel inaonekana kama imetoka kwenye friji. Sielewi.

Jumanne, 7 Mei

Nimejidhalilisha.

Siku tatu sasa namwona Amolo akitoka zizini alfajiri, mkono ndani ya mfuko wa koti. Nikajijengea hadithi nzima: anamdunga Chelel dawa ya kuua maumivu, alimdunga tangu mwanzo ili farasi watimie sita, ndiyo sababu joto halionekani. Leo nilimvizia mlangoni.

"Toa unachoficha," nikamwambia mbele ya watu. "Wewe ndiwe unamuua huyu mnyama. Unamdunga, halafu unakaa hapo na mwavuli!"

Amolo alinisogelea hatua moja. Akatoa mkono. Kulikuwa na kipande cha sukari nguru, kimelambwa upande mmoja.

"Mama yangu ananitumia kutoka nyumbani," akasema. "Huyu farasi anaipenda. Nilifikiri, kwa siku zilizobaki, wacha akule vizuri."

Nikakosa pa kuweka uso. Lakini hakuishia hapo, akanivuta pembeni.

"Na kitu kingine, madam. Daraja lilifunguka tangu Jumamosi. Mimi ndiye naambia bosi bado limefungwa. Sasa umeshapiga kelele vya kutosha, hebu rudi kwa mashine yako utafute kitu, kwa sababu uongo wangu hautafika wiki."

Mtu mkavu, niliandika mwezi uliopita. Kumbe sikuwa nimemwangalia.

Ijumaa, 10 Mei

Bosire amesikia kwa watu wengine kwamba barabara iko wazi. Mtu wa bunduki anakuja kesho asubuhi. Rodah naye anaruhusiwa kutoka hospitali, na mzee Kimeli ameondoka jioni hii kwenda kulala kwa ndugu yake Kapkatet ili amchukue mapema. Nadhani hataki kuwepo. Alikaa na Chelel muda mrefu kabla ya kwenda, paji la uso likiwa kwenye shingo ya yule mnyama.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Nilifika zizini mapema kuliko kawaida. Chelel alikuwa na matope hadi magotini, yamekauka. Miezi miwili nimefanya kazi hapa na sikuwahi kumkuta hivyo. Nikampangusa kwa brashi kavu, nikimwomba msamaha, nikangoja kidogo, nikanyanyua kamera kwa mazoea tu, kwa sababu ndiyo ilikuwa picha yake ya mwisho.

Mguu wa kushoto wa mbele ulikuwa unawaka. Nyuma ya mfupa, kutoka chini ya goti hadi karibu na kwato, ile kano kubwa inayobeba uzito wote farasi anaposhuka mlima, nyekundu hadi kuwa nyeupe kwa moto katikati. Miguu mingine mitatu ilikuwa imetulia. Nikaweka kiganja. Moto. Nikabonyeza kidogo, Chelel akautoa mguu kama alivyoutoa siku ile ukingoni.

Hakuwa na kichwa kibaya. Alikuwa anaumia, na alikuwa ametuambia mara tatu.

Hapo hapo gari likapiga honi getini.

Nilikimbia kwa Amolo nikiwa nimeishika kamera mbele kama sahani ya moto. Akaangalia, akaniangalia, akaweka ufunguo wa geti mfukoni. "Geti limekwama," akamwambia mlinzi. "Mwambie mgeni tunatafuta fundi." Kisha akapiga simu Nairobi, na picha nikaituma.

Bwana Bosire hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Priscah, jana buluu. Juzi buluu. Leo, saa ya kupigwa risasi, nyekundu. Sasa nikuamini siku gani?"

Niliinamia kamera. Niliwaza jambo baya kwanza: kwamba mzee Kimeli alikuwa akificha ugonjwa makusudi. Nikaanza kurudisha picha za nyuma, Aprili, Machi, kidole kinateleza kwa jasho. Ndipo nikaona nilichopaswa kukiona siku ya kwanza. Kila asubuhi, kwenye kila picha, buluu ya miguu yote minne ilikuwa inaishia mahali pamoja, chini ya goti, kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa soksi. Juu ya mstari mnyama ana joto lake la kawaida. Ugonjwa hauna mstari hivyo, wala uzima. Kitu chenye mstari ni maji.

Nikageuka. Ndoo ilikuwa chini ya bomba, mahali pake pa siku zote. Juu yake, kwenye waya, yalianikwa magunia, yamekatwa vizuri kwa kipimo cha mguu wa farasi, ya kuufunga usipate matope tena.

*Awe msafi tu.* Mafunzoni tuliambiwa mnyama asiguswe na maji kwa muda wa saa mbili kabla ya picha. Hilo sikumwambia mzee Kimeli. Na mtu hapigwi picha akiwa mchafu.

"Bosi, usikate," nikasema. "Nipe dakika chache."

Wakati huo mlinzi alikuwa ameshashindwa na uongo, na mtu wa bunduki alikuwa ameingia kwa miguu. Ni mzee mmoja mpole wa kofia, sanduku refu mkononi. Sikumsalimia. Nilijaza ndoo maji ya bomba, baridi ya kukata vidole, nikamwosha Chelel mguu ule mwekundu jinsi ninavyojua mzee Kimeli angeuosha, kwa utaratibu, nikaufunga gunia bichi, nikangoja, nikaufungua, nikaukausha kwa gunia kavu. Yule mzee wa kofia akaliweka sanduku chini, akatazama. Amolo alikuwa anampa Chelel sukari nguru ili atulie.

Nikapiga picha.

Buluu. Na chini ya goti, mstari.

Nikatuma picha zote mbili, mguu mmoja, asubuhi moja, na chini yake ya Aprili ishirini na saba. Amolo akaangalia simu kama imezimika.

"Kwa hivyo miezi miwili nimekuwa nikilipia picha za maji," Bosire akasema mwishowe.

"Ndiyo, bosi. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema aoshwe."

"Na huyo farasi?"

"Mgonjwa. Apumzishwe miezi mingi. Labda hatashuka mlima tena maisha yake yote. Lakini hana wazimu."

"Hebu nipe huyo mzee wa bunduki."

Yule mzee alisikiliza, akaitikia mara mbili, akarudisha simu. Alilishika sanduku lake, akampiga Chelel kofi jepesi shingoni. "Nimekuja mbali bure," akasema, "na nimefurahi." Akaomba chai. Nilipoimimina nikalia kwenye kikombe chake, ikabidi apewe kingine.

Jumapili, 12 Mei

Leo nimeenda kwa mzee Kimeli. Rodah alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani. Habari ya Chelel kunusurika ilikuwa imewafikia, na mzee alinipokea kwa mikono miwili akinishukuru. "Kongoi, taktari, kongoi mising." Ningeweza kuiacha hapo. Lakini kesho angemwosha tena.

Nikamweleza polepole. Aliniacha nimalize.

"Kwa hivyo maji yangu ndiyo yalificha."

"Maji niliyokuagiza, mzee."

"Na hizi siku za mwisho nilikuwa naamka usiku kubadilisha magunia. Ulisema buluu ni uzima. Nilitaka izidi."

"Najua."

Akaangalia ile picha ya studio ukutani, halafu Rodah. "Na siku ile alianguka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Siku ile nilitumia sabuni," akasema. "Kwa sababu ilikuwa siku kubwa."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti, akatoka nje kwenye mvua na shati. Rodah alijaribu kuinuka, mbavu zikamkataza. "Baba, rudi," akaita. "Hata mimi uliniosha hivyo siku ya kumaliza shule, masikio yakauma wiki nzima! Baba!" Alikuwa anacheka na kulia, na kila kimoja kilimuumiza.

Jumanne, 14 Mei

Kimeli hajaja. Tumewalisha farasi mimi na Amolo, ambaye anashika uma wa nyasi kama kalamu.

Ijumaa, 17 Mei

Daktari mkubwa wa farasi amekuja na mashine yake ya kuangalia ndani ya nyama. Kano imechanika kidogo, jeraha la zamani, limeongezeka. Anasema kama Chelel angeshuka ule mlima na mgeni mgongoni, ingekatika yote. Kimeli hajaja.

Jumatano, 22 Mei

Kimeli hajaja. Mvua inapungua.

Jumapili, 26 Mei

Nimepita kwake. Alikuwa kwenye miche yake ya chai, akipalilia mahali pasipo na magugu. Tulisimama. Nikamwambia Chelel hali chakula vizuri, kila asubuhi anaangalia mlango. "Usiniambie hivyo, chepto, binti yangu," akasema. Nikamwambia tena.

Jumatatu, 3 Juni

Wageni wameondoka leo na farasi watano, wakiongozwa na kijana wa Ndanai. Rodah alisimama getini na bandeji yake akimtukana kwa upendo jinsi anavyoshika hatamu. Mvua imeisha. Bonde zima lilikuwa linanukia majani mabichi kutoka kiwandani.

Niliporudi zizini na kamera, mzee Kimeli alikuwa huko. Yeye mwenyewe alikuwa ameoga, amenyoa, koti la kijivu limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Chelel alikuwa kando yake. Sijawahi kuona farasi mchafu namna ile. Matope hadi tumboni, majani kwenye mkia, uso umepakazwa mavi.

"Nilimpeleka kwa dimbwi jana jioni," mzee akasema, akitazama mbele. "Leo sijamgusa na maji. Hata tone. Biga bicha."

Nikampangusa ule mguu kwa brashi kavu, mzee akageuza uso kidogo, maana bado inamuuma kuangalia. Nikampiga picha. Wekundu upo, lakini umerudi nyuma, umekuwa njano kwenye kingo. Nikamwonyesha. Aliishika kamera kwa mikono miwili na kuiangalia kwa muda mrefu.

Rodah akaja, akasimama upande wa pili wa Chelel. Mzee akafunga vifungo vya koti, akasimama wima bila kucheka.

"Sasa biga na simu, ya kuweka ukuta," akasema.

"Akiwa hivi hivi, mzee? Na hayo matope?"

"Hivi hivi."